Utosi Wangu na Spiriti ya Kinyozi

Kwa muda mrefu nilikuwa nikipaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 utosini, asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao mke wangu alisema angefurahi kuuona katika mambo mengine ya nyumbani, na kwa muda wote huo utosi wangu haukubadili msimamo wake wa kung'aa bila kuota chochote. Nilipompelekea daktari wa ngozi malalamiko hayo, hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba minoksidili yenyewe haina nguvu mpaka igeuzwe kuwa minoksidili salfeti, na kwamba kazi hiyo ya kuigeuza hufanywa na kimeng'enya kiitwacho salfotransferasi, ambacho kimo katika mashina ya nywele. Baadhi yetu tumejaliwa kimeng'enya hicho kwa uchache, na kwa hiyo dawa hufika kichwani ikabisha hodi na kukosa wa kuifungulia. Tretinoini, ambayo ni retinoidi ya jamii ya vitamini A, huweza kukiongeza kimeng'enya hicho, na juu ya hayo hulipunguza tabaka la nje la ngozi hata dawa nyingine ikapenya kwa urahisi zaidi.

Aliponiona nasitasita, aliongeza hoja moja ya mwisho. Alisema kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha, kwa wiki 18, wanaume waliopaka mchanganyiko wa minoksidili na tretinoini mara moja kwa siku na wale waliopaka minoksidili peke yake mara mbili kwa siku, na matokeo ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Sikuhitaji hoja nyingine, kwa sababu mtu aliyeahidiwa mavuno yale yale kwa nusu ya kazi huwa hana tena maswali ya kisayansi. Nilifarijika pia kusikia kwamba hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyobuniwa kwa ajili ya nywele: minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mahali ambapo hawakuziomba, na tretinoini iliingia madukani Marekani mwaka 1971 kama dawa ya chunusi. Niliona kwamba dawa mbili zilizofika kichwani kwa kupotea njia zingeelewana vizuri na nywele zangu, ambazo zenyewe zilikwisha kupotea.

Masharti yalikuwa mengi, nami niliyafuata karibu yote. Tretinoini ipakwe usiku, kwa kuwa mwanga huiharibu. Ipakwe kidogo, juu ya ngozi kavu, tena mwanzoni usiku mmoja tu katika kila siku tatu. Mchana nivae kofia, kwa sababu ngozi iliyopakwa retinoidi huungua na jua upesi. Na chupa ikae mbali na mwanamke yeyote mwenye mimba. Nitarajie kuwashwa, kukauka na kuchubuka. Nitarajie pia nywele kunyonyoka zaidi kwa wiki kadhaa za mwanzo, kwa kuwa zile zilizokuwa mapumzikoni husukumwa nje ili kuzipisha nyingine. Daktari yule alikuwa makini sana, akataja jua, mto, macho na mimba; kitu pekee ambacho hakukitaja ni kinyozi.

Dalili zilikuja kwa mpangilio ule ule alioueleza, ila kwa ukarimu uliozidi maelezo. Utosi ulianza kuwasha, kisha ukakauka, kisha ukaanza kujivua magamba meupe ambayo hayakungoja kukunwa ili yaanguke. Wakati huohuo nywele chache nilizokuwa nazo ziliamua kuondoka kwa makundi, hata ikawa mtu asiyejua habari angeniangalia na kusema kwamba natumia dawa ya kuondoa nywele. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea katika kipindi hicho, alinitazama kwa huruma, akaenda chumba cha pili na kumwuliza mke wangu kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo ilivuka ukuta, kama kazini kwangu kuna matatizo.

Matatizo kazini hayakuwapo, lakini yalikuwa njiani. Nilipangiwa kuwasilisha taarifa ya idara yangu mbele ya wakurugenzi, nami nilivaa koti jeusi, kwa kuwa ndilo koti langu la heshima. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa ninaposikilizwa na ninaposikiliza, na kila nilipoitikia, utosi ulitoa mchango wake mabegani. Nilipofika kwenye jedwali la matumizi nilikuwa nikizungumza na watu ambao hawakuwa tena wanalitazama jedwali. Mwenyekiti alinikatiza kwa upole mkubwa, akasema, "Ndugu yetu, taarifa tumeielewa kikamilifu, tafadhali kapumzike," na taarifa ile ikapita bila swali hata moja, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya idara yetu.

Ndipo nilipoona kwamba ni heri ninyolewe kipara kabisa, ili magamba yakose pa kujificha na mimi nipate kuyaosha. Kinyozi wangu ni kijana mchapakazi na mwenye usafi wa kupigiwa mfano. Kila amalizapo kunyoa humwagia kiganjani spiriti na kuipitisha kichwa kizima, kwa imani kwamba hakuna kijidudu kitakachotoka mlangoni mwake kikiwa hai. Alipoondoa nywele za mwisho, alinyamaza kwa muda akiutazama utosi wangu, kisha akatoa uamuzi.

"Mzee wangu, hii ni mba sugu. Lakini umefika mahali pake, leo tunaimaliza."

Nilikuwa nimefungua kinywa ili nimweleze habari za retinoidi wakati spiriti ilipofika. Ngozi ambayo imepakwa tretinoini kwa wiki kadhaa, na ambayo tabaka lake la nje limekonda na kupasukapasuka, haina kinga yoyote mbele ya spiriti, achilia mbali kwamba dakika chache kabla ya hapo wembe ulikuwa umepita. Sauti niliyoitoa sikuijua, wala siamini kwamba naweza kuitoa tena nikiombwa. Niliinuka na kiti kikazunguka peke yake. Lile shuka la kunyolea likaninasa miguuni, nikalizunguka duka zima nikiwa nimejishika kichwa kwa mikono miwili. Mteja aliyekuwa akingoja zamu yake alisimama taratibu, akatazama saa, akakumbuka kwamba ana shughuli ya haraka.

"Ikiuma ndiyo inafanya kazi," kinyozi alinitia moyo, huku akiifungua chupa mara ya pili.

"Maji, mwanangu! Maji tu!" nilimwambia. Nashukuru kwamba alikuwa na akili ya haraka kuliko tiba zake: aliniinamisha kwenye sinki na kunimwagia maji baridi hadi pumzi zikanirudia. Nikiwa bado nimeinama, nilijaribu kumweleza kwamba ile haikuwa mba bali ni kazi ya dawa ya jamii ya vitamini A ambayo mtu hupaka kichwani ili nywele ziote.

"Vitamini huliwa, mzee," alijibu kwa sauti ya mtu anayemrekebisha mwanafunzi. "Na kama ni ya kuotesha nywele, kwa nini umekuja kunyoa?"

Swali lile lilikuwa la haki kiasi kwamba sikupata jibu, nami hadi leo nalifikiria. Kwenye kiti cha pembeni alikuwapo mzee mmoja aliyekuja kupunguza ndevu, naye kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Alisema kwamba yeye upara aliupata akiwa kijana, hajawahi kuupaka kitu, na katika miaka yote hiyo hajawahi kupiga kelele dukani kwa mtu. Watu walicheka, na mimi ningecheka pia kama kucheka kusingekunja ngozi ya kichwa.

Daktari alinisikiliza bila kutabasamu, ingawa alilazimika kugeuka dirishani mara mbili. Alinisimamishia dawa zote mbili hadi ngozi ipone, kwa maelezo kwamba minoksidili ikipakwa juu ya ngozi iliyochubuka huingia mwilini kuliko inavyotakiwa, na huko inaweza kukumbuka kazi yake ya zamani ya kushusha shinikizo la damu, mtu akaona kizunguzungu na moyo ukamwenda mbio. Akaniagiza nipake mafuta mazito yasiyo na manukato, niepuke spiriti na kila kitu kinachokwaruza, na nitakaporudia nianze na tretinoini hafifu, kwa nafasi kubwa kati ya usiku na usiku. Kuhusu nywele zilizoondoka alisema kwamba zile hazikuwa hasara, na kwamba dawa hizi hazihukumiwi kabla ya miezi minne hadi sita.

Nilirudia kwa utaratibu huo, na hali ikawa ya kuvumilika. Miezi ilipotimia nilikaa tena mbele ya daktari, akanipiga picha ya utosi na kuilinganisha na ile ya mwanzo, akaona malaika mafupi yaliyokuwa yameanza kuchomoza pembeni mwa kipara. Aliyaita mafanikio ya wastani. Halafu akanyamaza, akasogeza taa, akauliza huu msitu wa shavuni, chini kidogo ya jicho la kushoto, umetoka wapi.

Umetoka kwenye mto. Mimi hulalia ubavu wa kushoto, na nilikuwa na desturi ya kupaka minoksidili nikiwa tayari kitandani, kwa hiyo kila usiku dawa ilikuwa ikihamia kwenye foronya na kutoka foronya ikihamia shavuni, mahali ambapo, kwa kadiri ya uchunguzi wa daktari, kimeng'enya hakikuwa na upungufu wowote. Alinishauri nipake muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kulala ili ikauke, nibadilishe foronya mara kwa mara, na nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa nywele za namna hiyo hupotea zenyewe miezi michache baada ya dawa kuacha kufika mahali hapo. Kwa sasa ninazinyoa mwenyewe nyumbani, kwa maji na sabuni.