Likizo ya Uzazi Inaishia Getini

Imezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ile ramani ya dunia ya likizo ya uzazi. Kenya imepakwa rangi ya kupendeza na watu wanapongezana: mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, baba wiki mbili! Hongereni sana. Sasa nendeni Changamwe, Mombasa, alfajiri, msimame kwenye geti la kiwanda cha nguo, muwaulize wale kina dada wanaoingia ni wangapi walioionja hiyo miezi mitatu.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachotoa likizo hiyo, kimeandikwa vizuri, hilo nakubali shingo upande. Lakini ramani kama hizi huhesabu siku zilizomo kwenye sheria, hazihesabu kina mama waliozipata. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini haiko kwenye sekta rasmi. Muuza mahamri wa soko la Kongowea hana bosi wa kumpelekea barua, ila kwenye ramani naye amepakwa rangi ile ile.

Kinachonichoma hasa ni swali la nani analipa. Kwetu hapa mwajiri hulipa peke yake, kwa hiyo kila msichana anayeomba kazi anaonekana gharama kabla hajavua viatu. Mkataba nambari 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2000, ulililenga hilo: malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asibebeshwe peke yake. Kenya haijauridhia. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tunakatwa; SHA, bima ya afya ya serikali, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na humo hamna hata senti ya kumlipa mzazi aliye likizo. NSSF ya Tanzania ina fao la uzazi. Sisi tuna ramani.

Ndipo unapozaliwa ule mchezo wa kondrakti fupi. Unasainishwa miezi mitatu, unapumzishwa wiki, unasainishwa tena. Tumbo likianza kuonekana, simu haiji. Sheria inakataza kumfuta mtu kazi kwa sababu ya mimba, lakini nani kafutwa? Kondrakti "imeisha yenyewe". Kwa kibarua wa kulipwa kwa siku kuna kifungu cha 37: akifanya kazi mfululizo hadi siku zikatimia mwezi, huhesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Naye hupumzishwa kabla mwezi haujatimia, ili kuukata huo mfululizo.

Basi dada, weka ushahidi mapema: meseji za M-Pesa za mshahara, kadi ya getini, taarifa ya NSSF. Barua ya likizo iandikwe angalau siku 7 kabla, na nakala yako igongwe muhuri. Wakigoma, itume pia kwa simu ili tarehe ibaki. Ukifutwa, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3, usingoje mpaka mtoto aanze kutambaa.

Anayetoka wiki 4 kabla ya kujifungua hurudi kazini mtoto akiwa na wiki 9, ilhali kliniki imemwambia maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Sheria ya Afya ya 2017 inadai chumba cha kunyonyeshea chenye maji ya kunawa, friji, plagi, meza na viti. Friji si anasa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 hivi kwenye nyuzi 25, na nyuzi 25 Mombasa mwezi wa pili utazipata wapi mchana? Bila friji yanamwagwa chooni, na kule Likoni bibi anamkorogea uji mtoto wa miezi miwili.

Hizo wiki mbili za baba? Kibarua haziombi, jibu analijua.

Watafiti wa hizi ramani wakija tena, wamuulize mama maswali matatu: ulilipwa, alikulipa nani, na ulirudi kwenye kazi ile ile? Na waje mwezi wa tano, hoteli za Pwani zikiwa zimepunguza wafanyakazi, si Desemba wageni wakiwa wengi.