Mhadhiri afundishe uraia wa kidijitali asioumudu?

Mwaka 2001 Marc Prensky, mwandishi Mmarekani wa masuala ya elimu, aliwaita vijana waliokulia kwenye kompyuta na intaneti wazawa wa kidijitali, na walimu wao wahamiaji. Majina hayo yalishika, na mpaka leo wapo wahadhiri wanaouliza: kijana anayenizidi wepesi wa vidole nimfundishe nini kuhusu uraia wa kidijitali, yaani kutumia mtandao kwa uangalifu na uwajibikaji?

Wepesi huo hausaidii kupima ukweli. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu 45 kazi ya kuchunguza tovuti: wanafunzi 25, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu na wahakiki wa habari 10, yaani watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa taarifa. Wahakiki hawakukawia kuuacha ukurasa na kwenda kutafuta wengine wanasemaje kuhusu wenye tovuti. Wanafunzi walibaki palepale, wakavutwa na nembo zenye sura ya kiofisi. Wanahistoria nao, pamoja na usomi wao, mara nyingi walinaswa na mtego uleule.

Kwa hiyo wanaosema kazi ya kufundisha uraia huu haimhusu mhadhiri wana hoja nzito: hakuandaliwa kwayo, ana mitihani ya kusahihisha, na yeye mwenyewe hudanganyika. Nakubali yote matatu, isipokuwa hitimisho. Mwanafunzi wa udaktari anayerusha picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp amevunja miiko ya udaktari wenyewe. Nani amweleze hilo kama si anayemfundisha udaktari? Mwanafunzi wa sheria anayenukuu kesi iliyobuniwa na akili mnemba ataumbuka mahakamani, na mteja wake ataumia. Somo la jumla la mwaka wa kwanza haliyafikii haya.

Mimi ningependa kumwona mhadhiri akifungua chanzo asichokijua mbele ya darasa, akikipima kwa sauti, na akikosea akiri. Mwanafunzi hujifunza mengi hapo kuliko kwenye orodha ya makatazo.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: kwamba malezi haya yatageuka upelelezi. Mhadhiri ana alama za mwanafunzi mkononi. Akianza kuzichungulia akaunti zake binafsi, mwanafunzi atanyamaza, na raia aliyenyamazishwa hajalelewa. Majadiliano yaishie kwenye kazi za darasani na maadili ya taaluma. Maoni ya mwanafunzi kuhusu siasa au dini yasiguse alama zake, na chuo kiliandike hilo waziwazi kwenye kanuni zake.