Mara tatu kwa siku, na mfungo je?

Wiki ya mwisho ya Shaabani mwaka juzi nilimsindikiza mamangu mkubwa kliniki ya sukari hapa Mombasa. Benchi tangu saa moja, kuingia saa tano, dakika nne tuko nje na vidonge: kimoja mara tatu kwa siku. Daktari hakuuliza kama atafunga. Yeye naye hakusema, akichelea kukatazwa. Ramadhani ilipoingia akajipangia mwenyewe: viwili futari, kimoja daku. Siku ya nane, kabla ya adhuhuri, mikono ikamtetemeka na jasho likamchuruzika. Ilibidi tumfunguze kwa maji ya sukari.

Dawa haikuwa na kosa. Lililokosekana ni swali moja.

Madaktari nao wana lao, na si visingizio. Utafiti wa nchi 67 uliochapishwa 2017 ulikuta mgonjwa wa Bangladesh hupata kama sekunde 48 na daktari, wa Sweden dakika 22 na nusu. Mwenye foleni iliyofika uani hawezi kupiga soga. Tena ulimi mtamu hautibu. Mtu aweza kutoka ameridhika kabisa, akafika dirisha la dawa akaambiwa zimekwisha.

Lakini muda si hoja yote. Mwaka 1984 watafiti Marekani walipima: mgonjwa alianza kueleza shida yake, na kwa wastani daktari akamkatiza baada ya sekunde 18. Hiyo ni mazoea, si foleni. Hapa kwetu kuna na lugha. Daktari wa bara akisikia “homa” huenda akafikiria mafua. Bibi wa Mji wa Kale anakwambia mwili unachemka. Wote wawili wanasema Kiswahili! Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, ila haikufikiria tofauti kama hii.

Na wagonjwa tunaficha. Mitishamba, kombe (aya za Kurani zilizoandikwa sahanini, zikaoshwa kwa maji ya kunywa), vidonge tulivyoacha presha ilipotulia: hatutaji, kwa kuogopa kukaripiwa. Ukali wa daktari wa jana humnyima daktari wa leo habari, naye akiona presha haishuki huongeza dozi ya dawa ambayo hata haimezwi. Hapo ndipo naona lawama inawaelemea zaidi wao, foleni au la.

Mwaka jana tulikuta daktari mwingine. Kabla hajashika kalamu: “Mama, Ramadhani utafunga?” Akapanga dawa upya, akamwambia arudie maelezo kwa maneno yake. Dakika sita. Mama mkubwa akaeleza yote.

Kombe hakulitaja.