Kesi ya mtungi wa gesi

Mwaka jana siku chache kabla ya Ramadhani, mtungi wa gesi wa mama mmoja anayepika mahamri hapa kwetu Mlaleo, Mombasa, uliibiwa. Mtungi wa kilo 13, umejazwa juzi yake tu, na kama huelewi uzito wa hilo jambo basi jua bila mtungi hakuna mahamri na bila mahamri hakuna ada ya shule, ndo biashara yote hio. Kufika saa mbili asubuhi mwizi ashajulikana manake mtaa wetu hauna siri, saa mbili na nusu kashazungukwa, na kuna mtu mzima (simtaji, anajijua) ashaanza kuuliza nani ana tairi kuukuu. Sifanyi mzaha. Tairi.

Aliyemtoa yule kijana pale si polisi. Ni mama mwenyewe, mikono yote unga, aliingia katikati ya watu akamshika shati akasema huyu hachomwi na mtu, mtungi ni wangu si wenu, na huyu mtoto nimemlisha mahamri tangu hana meno.

Baada ya Alasiri watu wakakaa kwenye baraza ya mzee mmoja nyuma ya msikiti. Mzee wa mtaa, mama wa mahamri, baba mdogo wa kijana, na wengine kama kumi hivi, mimi nikiwemo kwa sababu ya umbea tu, nikubali. Kijana akaulizwa, akalia, akasema ameuuza 1,500 kwa jamaa wa duka la mitungi kule barabarani. Hapo ndo nikafungua macho, kwa sababu na yule jamaa wa duka aliitwa! Akaja amenuna, ati hakujua kama ni wa wizi, akaulizwa kwani wewe lini ulinunua mtungi uliojaa kwa 1,500 kutoka kwa mtoto wa miaka 17, tena alfajiri? Akanyamaza. Mtungi ulirudi jioni ile ile. Baba mdogo akamrudishia yule wa duka nusu ya pesa, nusu ya pili akaambiwa hio ni hasara yake ajifunze. Kijana naye mama akampangia mwenyewe: miezi miwili kila alfajiri atamchotea maji kwa mkokoteni. Alichota. Kuna siku alichelewa akatukanwa matusi ya nguoni, lakini alichota.

Sasa nyumba tatu kutoka hapo kuna kijana mwingine, yeye kesi yake ilikuwa ya simu na ilienda kwa njia inayoitwa sahihi. Mwenye simu akapiga ripoti, akaandikiwa kwenye OB, kitabu cha ripoti cha kituoni, akaambiwa gari haina mafuta, akatoa ya mafuta, kijana akabebwa. Kortini akapewa bondi ambayo ukoo mzima wangeuza mbuzi wote wasingeifikia, akakaa rumande miezi saba. Mwenye simu alienda kortini mara tatu, kila mara kesi inasukumwa mbele, na yeye ni mtu wa kibarua, siku ya kortini ni siku ya kulala njaa, akachoka akaacha kwenda. Kesi ikafa. Simu haikuonekana mpaka leo. Kijana alitoka amekonda, na marafiki wapya, na wale marafiki si wa kucheza nao bao. Mnajua mambo ya mapanga ya Kisauni, yale magenge ya vijana, sitaki kuyaeleza hapa.

Niliandika kidogo juu ya hizi kesi mbili kwenye simu nikajibiwa na jamaa mmoja ati hayo ni mambo ya Wazungu, kelele za Marekani za 2020 baada ya polisi kumuua George Floyd, watu wanataka polisi wapunguziwe bajeti, sisi huku tuna majambazi wa kweli. Nikacheka. Ndugu yangu, polisi huku hatujawahi kuwa nao wa kuwapunguzia! Watu wa mitaa kama yetu kesi zao nyingi hazifiki kituoni kabisa, na si kwa sababu tumesoma nadharia, ni kwa sababu kituo kina bei. Mke na mume, mpaka wa shamba, deni, kuku, ngumi za maskani, yote yanaishia kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwa imamu, kwa nyanya. Hii haki mbadala sisi hatuiombi, tunaiishi. Swali langu ni kama tunaiishi vizuri.

Na hebu angalia hata maneno. Polisi ni la Kiingereza, rumande pia, na gereza, wanaojua asili za maneno wanasema limetoka kwa Mreno, neno lao la kanisa. Fort Jesus pale Mji wa Kale, ambayo watoto wa shule wanapelekwa kuona mizinga na kula aiskrimu, ilikuwa jela ya Mwingereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Miaka 63! Sheria alizozilinda Mwingereza nazo hazikuwa za kumlinda mama wa mahamri. Kulikuwa na kipande, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, mwanamume Mwafrika akikutwa bila hicho ni mhalifu. Kulikuwa na sheria ya uzururaji, yaani kosa lako ni kuonekana huna kazi mahali ambapo mwenye mali hataki kukuona. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilikuja kusema mwaka 2020 mwezi wa Desemba kwamba sheria za namna hio hazipatani na haki za watu, nchi zizibadilishe. Mwaka 2020. Kwa hivyo mtu akiniambia askari anayebeba vijana maskani Ijumaa jioni analinda usalama, namuuliza usalama wa nani, mbona Nyali kwa matajiri vijana wanakaa nje mpaka usiku na hakuna anayewauliza.

Lakini sitaki mtu anielewe vibaya nikaonekana nasema zamani kila kitu kilikuwa sawa, Mzungu ndo akaharibu. Pwani hii iliuza watu. Mkatale tuliujua, minyororo tuliijua, na utumwa hapa Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907, na waliokaa barazani siku zile kuhukumu hawakuwa watumwa. Na tairi ni letu. Kumwita mtu mwizi na kumchoma hakuhitaji karao, yaani polisi, hata mmoja, hio ni haki ya jamii vile vile, jamii imekusanyika, imehukumu, imetekeleza, dakika kumi na tano. Ukisema "jamii ijisimamie" bila kutaja tairi wewe unadanganya.

Kuna na jamii ya kubandikwa. Mwaka 2013 baada ya magaidi kushambulia Westgate kule Nairobi serikali ikatuletea Nyumba Kumi, wazo la kuazima Tanzania, kule balozi wa nyumba kumi yupo tangu enzi za TANU. Kwenye karatasi ni majirani wajuane. Mtaani kwetu ikawa ni sikio la chifu, nani amepata mgeni, nani amefuga ndevu, na vijana wakaacha kusalimia wale wazee. Majirani wanaripotiana kwa chifu, huo ujirani gani.

Wanaonifurahisha mimi ni watu wa Mathare, mtaa wa mabanda kule Nairobi. Pale polisi walikuwa wakiua vijana na habari inatoka "majambazi sugu wamepigwa risasi" na inaishia hapo. Kina Mathare Social Justice Centre wakaanza kufanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na serikali: nani kauawa, wapi, saa ngapi, nani aliona, mamake ni nani, wakatoa ripoti 2017 wakaiita kwa swali, nani anafuata. Akina mama waliopoteza watoto wakajiunga pamoja, wanakwenda kortini kwa makundi, mmoja asikae peke yake mbele ya askari aliyemuua mwanawe. Na kuna vijana wa Mathare wanaopanda miti kukumbuka waliouawa. Mwaka 2020 kafyu ya korona ilipoanza Machi, siku chache tu, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwao ghorofani Kiamaiko, amesimama nje na familia. Halafu mtu anakuuliza kwa nini watu wa ghetto hawashirikiani na polisi, ati hawana uzalendo.

Cha ajabu sheria yenyewe imeshatuwekea mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaambia mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za binadamu. Mwaka 2013 kuna kesi ya mauaji Nairobi, kijana wa Eastleigh ameshtakiwa, familia mbili za Kisomali zikakaa zikapatana, fidia ikalipwa, ngamia na mbuzi, upande wa mashtaka ukaomba kuiondoa kesi na jaji akakubali. Mauaji! Mawakili walipiga kelele kweli kweli na mpaka leo wanabishana. Mwaka 2020 mahakama ikatoa sera nzima ya haki mbadala, kamati yake iliongozwa na Jaji Joel Ngugi, ikikubali kwamba Wakenya wengi haki wanaitafuta nje ya korti. Nzuri. Nimefurahi. Ila sera haikai barazani, watu ndo wanakaa.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu ambacho kinaniuma.

Miaka kadhaa nyuma kwa jamaa zetu upande wa mama, msichana wa miaka 14 alitiwa mimba na mtu mzima, jirani, mwenye duka. Wazee wakakaa. Kanzu saba, nilizihesabu. Kahawa ikaletwa, kashata zikaletwa, na ubani ukafukizwa. Wakazungumza vizuri sana, kwa heshima, mtu asiinue sauti, wakakubaliana pesa fulani na jina lisitajwe ili familia zisivunjike. Aliyepika ile kahawa ni yule msichana. Alikuwa jikoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Shangazi yake ndo alikwenda kupiga ripoti kesho yake, wazee wakamsusa, mpaka leo kwenye arusi anakaa peke yake. Na sheria iko wazi, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiachii wazee wa ukoo wala hata askari uamuzi wa kuizima kesi kama hio. Mimi, huyu huyu ninayeandika haya, nilitaka yule mwenye duka aende jela na nilitaka abaki huko. Mkinishika kwa kigeugeu nishikeni.

Nimezifikiria hizi kesi mbili kwa muda mrefu, ya mtungi na ya msichana. Zote ni baraza, zote ni wazee, zote ni suluhu, hakuna polisi. Tofauti ni nini? Kwenye ya mtungi mwenye kuibiwa ndo alikuwa na neno la mwisho. Yeye ndo alisema achote maji, angesema hapana nataka alipe pesa yote leo ingebidi ilipwe. Alipoingia kwenye lile kundi la tairi alisema mtungi ni wangu si wenu, na hapo tu ndo haki yenyewe ilipo. Kwenye ya msichana shida yake ilikuwa imeshachukuliwa, imekuwa ya ukoo, ya heshima, ya majina. Na ukiangalia vizuri ndo kile kile wanachokifanya kortini! Kule kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, wewe uliyeibiwa simu ni shahidi tu, unaitwa ukihitajika, na usipofika simu yako haina mtu.

Sungusungu, walinzi wa kijiji wa Usukumani kule Tanzania, ni mfano mzuri wa hili pia. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 80, ng'ombe wanaibiwa kwa makundi na serikali iko mbali, wanakijiji wakajipanga kwa mikuki na mishale, na adhabu yao kubwa ilikuwa ni kumtenga mtu: hakuna kumpa moto, hakuna kumzika, hakuna kumsalimia. Ilifanya kazi, hata Nyerere akawaunga mkono. Lakini kulikuwa na wanawake wazee wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni ambao nao walisemwa wachawi, na hao nani alikaa upande wao barazani?

Kwa hivyo mtu akiniuliza polisi au jamii mimi namuuliza aliyeumizwa amekaa wapi. Kama yuko jikoni, sitaki hio jamii yenu.

Wiki iliyopita mzee wa mtaa alinipigia, ati kuna kesi nyingine ya simu, nije nisaidie kuandika (ashajua nina kalamu). Nikamuuliza mwenye simu atakuwepo? Akasema ni msichana wa saluni, ana kazi nyingi, babake atamuwakilisha. Nikamwambia basi tungoje siku atakayoweza. Akaguna, akakata simu, baada ya nusu saa akapiga tena. Tumepanga Jumapili jioni saluni ikifungwa, hapo hapo nyuma ya msikiti, na mama wa mahamri naye ameitwa aje akae.