Glavu Zangu na Bibi wa Kitanda cha Sita

"Mjukuu wangu, hizo si ndizo ulizomsafishia mwenzangu kidonda?"

Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini, nikiwa nimeshaushika mkono wake natafuta mshipa wa kuweka kanula, kile kijibomba cha kupitishia dripu. Nilitoka kitanda cha tano, simu ikaita, nikaipokea, nikairudisha mfukoni. Glavu zilezile. Na mimi ni muuguzi wa miaka 11, si mwanafunzi wa juzi.

Tangu siku ile nina ubishi na wenzangu: glavu zinatudanganya. Ukishazivaa unajiona msafi, kumbe umejikinga wewe tu, na mgonjwa unampelekea uchafu wa jirani yake. Hata wewe mwenyewe hujakingwa sana, maana glavu hutoboka usijue, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kunawa kuko palepale.

Tusisingizie elimu. Bango la Shirika la Afya Duniani la nyakati tano za kusafisha mikono liko ukutani, na kila tarehe 5 Mei tunapiga nalo picha. Hebu piga hesabu lakini. Wodi ina wagonjwa 30, unapita kupima presha. Hata tukisema kunawa baada ya huyu ndiko kunawa kabla ya yule, ni mara 31. Kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kila mara, inaweza kufika nusu saa, na hapo sijahesabu safari za kwenda kwenye sinki lililo mwisho wa wodi (siku bomba linapotoa maji). Nani ataziweza? Kitakasa mikono kinataka sekunde 20 hadi 30, na unasugua huku unatembea. Famasia ya hospitali inaweza kukitengeneza kwa ethanoli, glisirini, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa hiyo bosi akiniambia bajeti imekwenda kwenye semina nyingine ya usafi wa mikono, naishia kuguna.

Hofu nayo haidumu. Mwaka 2023 homa ya virusi vya Marburg ilipoingia Kagera, waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Kwetu tulinawa mpaka vidole vikachubuka. Baada ya miezi michache, ndoo za mlangoni zilikuwa kavu, moja imegeuzwa ya kudekia.

Siku hizi nikiingia zamu nawaambia wagonjwa wangu waniulize kama nimenawa. Mwenzangu mmoja amenuna, anasema nawafundisha dharau, kesho watamuuliza na daktari bingwa. Wamuulize tu! Sisi wauguzi tunamwona anatoka kitanda hadi kitanda na stethoskopu yake na hatuthubutu kufungua mdomo.

Bibi yule nilimwomba radhi, nikavua glavu, nikanawa, nikavaa mpya. Alikaa wodini siku nne zaidi. Kila nilipomsogelea alitazama mikono kwanza, ndipo akaitikia salamu.