Sindano ya Pepopunda

Jumatatu asubuhi mimi na punda wangu tulikanyaga msumari mmoja. Sisemi mafumbo. Ubao ule ule, msumari ule ule, fundi asiye na haya aliutupa pale gatini. Sultani alitangulia na ukwato wa mbele, akalia sauti iliyofika Manda. Nikakimbilia kumpa pole, pole yenyewe haijanitoka kinywani, na mimi nikaukanyaga. Mimi sikulia sana kwa sababu palikuwa na watu.

Punda kwanza, maana ndiye aletaye unga nyumbani. Tukaenda kituo cha punda tukichechemea ubavu kwa ubavu kama maharusi waliokosana njiani. Kituo kile kipo tangu 1987, kilifunguliwa na shirika la Waingereza wapendao punda, nasi watu wa Lamu tumekizoea hata hatukioni ajabu tena. Daktari akainua ukwato, akauosha, akamdunga Sultani sindano ya pepopunda, akamfunga bendeji nyeupe pe. Hakumuuliza amesajiliwa wapi. Hakumuuliza alala chini ya paa gani. "Mzee, huyu apumzike siku saba, asibebe kitu." Kiasi gani? Bure. Sultani akanyoosha masikio kama mtu mwenye pensheni.

Nikavua ndara, nami nikaonyesha wangu. Daktari akautazama kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Tatizo lako, mzee, ni kwamba una miguu miwili."

Basi nikaenda kwa watu wenzangu. Foleni, kisha swali la kwanza: umejisajili bima mpya ya afya ya serikali? Mwenye mshahara ana raha yake, hukatwa asilimia 2.75 kabla hajaishika pesa. Sisi wa gatini huulizwa habari za nyumba ndipo tukadiriwe cha kulipa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na chatakiwa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana akashika simu.

"Ukuta wa nini, Ami?"

"Mawe."

"Paa?"

"Boriti na chokaa."

"Mifugo?"

"Punda mmoja, mgonjwa."

Nyumba yenyewe aliijenga babu yake babu yangu kwa matumbawe, tuko warithi tisa, na ukuta wa uani una ufa ambao kwao naona jirani akikoroga chai. Lakini kwenye simu ni nyumba ya mawe. Kijana akaniambia, "Ami, hapa waonekana mtu mwenye uwezo." Tangu nizaliwe sijaambiwa hivyo, nikatamani mama watoto angekuwapo asikie.

Sitamlaumu muuguzi. Aliniosha vizuri, wala hakunitoza, maana hospitali ndogo hulipiwa na mfuko wa serikali. Ila mwishoni akainamisha macho: "Sindano ya pepopunda imekwisha, mzee. Kanunue duka la dawa." Nikacheka peke yangu hadi watu wakaniangalia. Hata jina la ugonjwa lamtaja punda! Labda ndiyo sababu sindano yapita upande wake.

Jioni barazani nikaeleza kisa, kahawa ikazunguka. Mwalimu mstaafu akasema Waingereza nao walikuwa hivi hivi mpaka tarehe 5 Julai 1948. Wametoka vitani, chakula bado cha mgao, lakini waziri wao Aneurin Bevan, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, akasimamia neno moja: mgonjwa atibiwe, hesabu iende kwenye kodi. Nikauliza, "Yaani walitibiana kwa kodi, kisha sadaka iliyobaki ikaja kumtibu Sultani?" Mwalimu akasema waweza kuiweka hivyo. Baraza likanyamaza.

Muuza duka akaruka. Kodi tena? Yeye hataki kulipia ugonjwa wa mtu. Jamani, mtu mzima huyu! Sabuni anayoniuzia ina asilimia 16 ya serikali, hata kredito ninayotia kumwomba deni ina kodi. Na juu ya hiyo kuna kodi ya wasapu. Mwaka huu nimetiwa makundi sita ya mchango, hujaombwa ruhusa, waamka asubuhi u mwanakamati. "Waliosoma ujumbe na hawajatoa tunawaona." Kodi ile haina kiwango wala risiti, na huja mgonjwa ameshalazwa Mombasa. Halafu hupona mwenye ami wengi. Mwenye kundi la watu kumi na mmoja huombewa dua. Mpwa wangu mwenyewe amenifungulia langu, picha ameweka ya Sultani na bendeji yake, ati yavutia huruma zaidi.

Mimi afadhali nikatwe kidogo kidogo ningali mzima, na mwenye jahazi akatwe zaidi ya mwenye punda, kuliko kukamuliwa saa nne ya usiku na kamati. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema afya ni haki yangu. Na kule Abuja mwaka 2001 marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ile naifananisha na ya fundi chokaa: kesho, inshallah.

Jumanne mchanga ulikuwa washushwa gatini. Sultani amejilaza chini ya mwarobaini, atafuna maganda ya maembe.

"Daktari amesema apumzike," mama watoto akanikumbusha.

"Na mimi?"

"Wewe daktari amesemaje?"

"Kanunue sindano."

"Haya basi."

Nikajitwika gunia. Nikaingia kichochoro cha Langoni, nachechemea, jasho lanitiririka. Mbele kulikuwa na watalii wapiga picha ya mlango. Mtoto mmoja akawakimbilia, akawasukumia ukutani.

"Simila! Simila! Punda apita!"