Mbono umerudi tena? Kisarawe hamkuiona?

Jana kwenye grupu letu la WhatsApp kijana mmoja katupia PDF ndefuu, eti dhahabu ya kijani, mbono kaburi (jatropha), ule mmea wa kukamua mafuta ya magari, unaota popote, hautaki maji, haugombani na chakula. Nikacheka mpaka nikakasirika. Maneno hayohayo ndo tuliyoimbiwa miaka ile ya 2005 mpaka 2008.

Haya tukumbushane. Kisarawe, Sun Biofuels ya Waingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11, miaka 99. Kilwa, Waholanzi wa Bioshape wakapata hekta 34,000, tena msitu wa maana kabisa. Ya Kilwa ikafilisika 2010, ya Kisarawe ikasimamisha kazi 2011, watu wakabaki wanadanganyana kwamba mzungu atarudi.

Kampuni kufa ni kawaida, hilo halininyimi usingizi. Kinachonichoma ni ardhi. Kwa sheria zetu, ili mwekezaji wa nje apate hati, ardhi ya kijiji inahamishwa kwanza iwe ardhi ya jumla, yaani inatoka mikononi mwa kijiji inaenda serikalini, na ikishahama hairudi yenyewe eti kwa sababu mwekezaji kakimbia. Yaani mnaamka asubuhi kampuni haipo, mafuta hayapo, ajira hakuna, na shamba si lenu! Mzee aliyekuwa anachota maji pale, anakata kuni pale, kazika wazazi wake palepale, leo akiingia anaitwa mvamizi. Kwenye hiyo PDF nimetafuta ukurasa unaosema wakifilisika ardhi inarudi kwa nani na lini, sijauona. Grafu zipo nzuri tu, za rangi rangi.

Na huo mmea wenyewe, sawa, ukame hauuui. Ila kutokufa sio kuzaa. Ukitaka mbegu za kujaza mapipa utaupa maji na udongo mzuri, uleule wa mahindi. Bibi zetu waliupanda uzio na makaburini kwa sababu hata mbuzi hausogelei, biashara ilikuwa imeishia hapo.

Najua mtanitajia Brazil. Haya, nakubali shingo upande, walianza Proálcool, mpango wa kuendesha magari kwa spiriti ya miwa, 1975, na tangu Agosti 2025 petroli yao ina ethanoli (ndiyo hiyo spiriti) asilimia 30. Lakini wale walianza na miwa na viwanda vya sukari ambavyo tayari vilikuwepo, hawakuanza na slaidi.

Na sisi miwa si ipo? Kilombero molasi inageuzwa spiriti na hakuna kijiji kilichohamishwa kwa ajili hiyo, ni uchafu wa sukari tu. Serikali inataka asilimia 80 yetu tupikie nishati safi ifikapo 2034, na kila siku ni mitungi ya gesi tu, ethanoli ya jikoni haisikiki sana. Halafu mtu anakuambia utaalamu wa kutengeneza ethanoli hatuna, wakati kuna watu wanakeneka gongo porini usiku kwa pipa na bomba, tena huku wanakimbizwa na polisi.